Nilisema Usawa ni Kifo

Kuna maneno niliyasema kwa majivuno nikiwa na miaka 20, na miaka miwili baadaye yakarudi kunipiga nikiwa nimeketi sebuleni kwa Mjomba.

Ilikuwa Jumapili mchana. Familia ilikuwa imekutana kuongea kuhusu Mama. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, na alikuwa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Bima ilikuwa inalipia mashine. Teksi ya kumrudisha nyumbani akiwa hana nguvu, dawa nyingine, chakula chake ambacho si chakula chetu, hayo yalikuwa juu yetu. Tulimwomba Mjomba, kaka yake Mama wa tumbo moja, aweke kiasi fulani kila mwezi. Mjomba ana ploti tatu za kukodisha na duka la vifaa vya ujenzi. Alipuliza chai yake, akanywa kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa:

"Mpwa wangu, si ni wewe ulitufundisha hapa hapa? Ulisema hata ndani ya mwili hakuna usawa. Kila kitu kikilingana, mtu amekufa. Sasa mnataka tulingane?"

Watu walicheka. Mama pia alicheka, kile kicheko cha mtu ambaye hataki kaka yake aaibike. Mimi sikucheka, manake ni kweli nilisema.

Nilisema wakati wa Krismasi, nikiwa mwaka wa pili chuoni nikisoma biokemia. Mjomba alikuwa amenilipia karo ya muhula wa kwanza na nilitaka ajue pesa yake haikupotea. Muhula uliofuata niliacha chuo, kwa sababu ambazo nyingi unaweza kuzikisia, na digrii sikupata. Nilibaki na vipande vya elimu. Sikutarajia kipande kimoja kitumike kumnyima mama yangu nauli.

Tangu siku hiyo kuna swali limenikalia kichwani. Kama uhai wenyewe unategemea tofauti, tuna haki gani ya kulalamika kuhusu tofauti kati ya watu? Ni rahisi kusema Mjomba alikuwa anakwepa. Labda alikuwa anakwepa. Lakini mtu anaweza kukwepa kwa hoja nzuri, na hoja nzuri hujibiwa kwa hoja.

Kwanza nikubali kwamba kuhusu mwili hakukosea.

Chukua seli yoyote ya mwili wako. Ndani yake kuna potasiamu nyingi, karibu milimoli 140 kwa lita. Nje, kwenye damu, potasiamu ni kama 4 tu. Sodiamu ni kinyume: nje 140, ndani kama 12. Kati ya pande hizi mbili kuna utando mwembamba sana, na wingi wa upande mmoja ukilinganishwa na uchache wa upande wa pili ndio wanasayansi wanauita mteremko. Neno zuri hilo. Popote vitu vilipojaa upande mmoja kuliko mwingine, vitataka kushuka kuelekea kulikopungua, kama maji kwenye mlima. Mjerumani Adolf Fick aliliandika jambo hili kama kanuni mwaka 1855: tofauti ikiongezeka, mtiririko unaongezeka. Tofauti ikiisha, mtiririko unaisha.

Karibu kila kitu unachofanya ni kitu fulani kinachoshuka. Ukigusa sufuria ya moto na kuondoa mkono, sodiamu imeingia kwa kasi ndani ya neva zako. Ukivuta pumzi, oksijeni inashuka kutoka mapafuni iliko nyingi hadi kwenye damu iliko kidogo. Hata nguvu ya kusoma sentensi hii inatoka kwenye mteremko. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alipendekeza kwamba mitokondria hutengeneza nishati kwa kurundika protoni upande mmoja wa utando, kisha kuziacha zirudi kupitia mlango maalum, kama bwawa la umeme. Wenzake wengi hawakumwamini kwa miaka mingi. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mtu akifa, haya yote husawazika. Sodiamu inaingia, potasiamu inatoka. Kalsiamu, ambayo nje ya seli ni kama mara 10,000 kuliko ndani, inavuja na kuingia kwenye misuli, na kwa kuwa hakuna tena nishati ya kuilegeza, maiti inakakamaa. Baadaye hata joto la mwili linalingana na joto la chumba. Kwa hivyo nilichosema Krismasi ile kilikuwa kweli. Seli ambayo kila kitu kimelingana ndani na nje ni seli iliyokufa.

Hoja ya Mjomba pia ina umri kuliko Mjomba. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 494 kabla ya Kristo watu wa kawaida wa Roma, wakiwa wamelemewa na madeni, walitoka mjini wakaenda kupiga kambi mlimani. Wakubwa wakamtuma Menenius Agrippa akaongee nao. Aliwapa hadithi: siku moja viungo vya mwili viligoma kulilisha tumbo, kwa kuwa tumbo limekaa tu katikati likila jasho la wengine. Mikono ikakataa kupeleka chakula, mdomo ukakataa kupokea. Mwishowe mwili mzima ukadhoofika, na viungo vikaelewa kwamba tumbo nalo lilikuwa na kazi, manake lilichopokea lilikirudisha kwa wote kupitia damu.

Tangu wakati huo, kila mwenye tumbo kubwa anaipenda hadithi hiyo. Lakini wanaoisimulia huacha mambo mawili. La kwanza, hadithi inalitetea tumbo kwa sababu moja tu, kwamba linarudisha. Tumbo lisilorudisha halina utetezi wowote hapo. La pili, wale watu hawakurudi mjini kwa sababu ya hadithi peke yake. Walirudi baada ya kukubaliwa kuwa na watetezi wao wenyewe, ambao mkubwa yeyote hakuruhusiwa kuwagusa.

Nami nilipoanza kukumbuka nilichosoma, niligundua kwamba nilimsimulia Mjomba nusu ya somo. Nilimwambia kwamba tofauti ni uhai. Sikumwambia inatoka wapi, inafanya nini, wala nani anailipia.

Inatoka kwenye pampu. Mwaka 1957 Jens Christian Skou, daktari wa Denmark, alikuwa anachunguza neva za miguu ya kaa wa pwani, akakutana na kimeng'enya ambacho hakuwa amekitafuta. Baadaye ikaeleweka kwamba ndicho pampu yenyewe: kwa kila chembe moja ya ATP inayotumika, hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Tena na tena, kwenye karibu kila seli ya mwili, usiku na mchana. Skou alipata Nobel yake mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Ukiwa umelala chali hufanyi lolote, karibu sehemu moja kwa tano ya nishati ya mwili wako inaenda kwenye kazi hiyo tu. Kupumzika kwako ni kazi ya mtu mwingine ndani yako.

Maana yake ni kwamba mteremko haukupangwa mara moja na Mungu halafu ukaachwa hivyo. Unatengenezwa kila sekunde, na gharama yake inatoka kwenye chakula ambacho mwili mzima umekitafuta. Pampu ikisimama, mteremko unaanza kuporomoka. Mtu anayesimama juu ya mlima uliorundikwa na wengine hawezi kusema kwamba mlima uliumbwa hivyo.

Halafu kuna suala la unafanya nini. Sodiamu iliyorundikwa nje ya seli haina faida yoyote kwa kukaa tu nje. Faida yake yote iko kwenye kushuka. Kwenye utumbo mdogo kuna mlango ambao sodiamu ikishuka kuingia, inaivuta glukosi ipande nayo, hata kama ndani glukosi tayari imejaa. Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960, na ndiyo sababu pakiti ya ORS kutoka kwenye dispensari ina chumvi na sukari pamoja. Mtoto anayeharisha akipewa sukari peke yake au chumvi peke yake, maji hayaingii vizuri. Vikipewa pamoja kwa kipimo, vinaingia vikiwa vimeshikana mkono, na maji yanafuata. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi wa Bangladesh kwenye kambi ya Bongaon huko India, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa watu maji ya chumvi na sukari kwa mdomo, na vifo vikapungua sana.

Nimeielewa hiyo kwa njia isiyo ya kitabu. Dada yangu mkubwa aliacha shule baada ya kidato cha nne ili karo iliyokuwepo itoshe mtu mmoja. Aliuza nguo za mitumba, akanipeleka chuo pamoja na Mjomba. Walishuka, nikapanda. Mimi ndiye glukosi ya familia hii. Na hata niliposhindwa kumaliza, hakuna aliyenidai. Kwa hivyo siwezi kujifanya kwamba napinga kila tofauti. Nimekula matunda ya tofauti.

Lakini hapo ndipo naona neno moja limebeba vitu viwili. Kuna tofauti ambayo kushuka kwake kunamnyanyua mwingine. Na kuna tofauti ambayo imejengewa ukuta, hakuna kinachoshuka, na anayeishi juu anauita ukuta huo maumbile. Ya pili si mteremko. Ni pengo. Bwawa lisilofunguliwa mlango halitoi umeme hata liwe refu namna gani.

Najua mtu atasema: wewe pia unafanya alichofanya Mjomba. Yeye alichukua mwili kutetea pengo, wewe unachukua mwili kulipinga. Ni kweli, na pingamizi hilo sitaki kulikwepa. Mwili hautoi amri. Ayoni ya sodiamu haijui kama iko juu au chini, haina mtoto, haiumwi. Kutoka kwenye jinsi seli ilivyo huwezi kuruka moja kwa moja hadi jinsi watu wanavyopaswa kuishi. Kama biolojia ingekuwa kitabu cha maadili, tungelazimika kuwasifu pia bakteria wa kipindupindu, maana nao wanajua kutumia milango ya seli zetu. Kwa hivyo nikisema mwili unamkanusha Mjomba, ninachomaanisha ni kidogo tu: ameuita shahidi, na shahidi hasemi alichotaka aseme. Kuhusu nini kifanyike kwa Mama, sisi ndio tunapaswa kuamua, bila kujificha nyuma ya utando wa seli.

Na mahali ambapo binadamu waliamua, nimepaona kwa macho yangu. Ni kwenye kile kiti ambacho Mama huketi saa nne kila Jumatatu na kila Alhamisi.

Mashine ya kusafisha damu haina miujiza. Damu inapita upande mmoja wa utando wenye vitundu vidogo mno, maji maalum yanapita upande wa pili. Chembe za damu na protini ni kubwa, hazipiti. Uchafu ni mdogo, unapita. Siku moja nilimuuliza sista wa zamu kwa nini maji yale yanatiwa chumvi wakati mgonjwa anakatazwa chumvi nyumbani. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini gari lina breki.

"Ukiweka maji matupu, unamuua," alisema.

Kisha akanieleza, na kile kipande cha elimu yangu kikaamka. Sodiamu ya maji yale huwekwa karibu sawa na ya damu, ili damu isiipoteze. Uchafu unaoitwa yurea hauwekwi kabisa, ili ule wa Mama ushuke wote unaoweza kushuka. Potasiamu huwekwa kidogo, ili iliyozidi itoke lakini isitoke yote. Na bikaboneti huwekwa nyingi kuliko ya damu, ili imwingie, manake damu yake imekuwa na asidi. Kwenye kimiminika kimoja kuna usawa kamili wa kitu hiki, tofauti kubwa ya kile, tofauti ndogo ya kingine, na mteremko unaoelekea upande wa mgonjwa. Kila kimoja kimechaguliwa na mtu, kwa ajili ya mtu.

Nilitamani Mjomba angekuwepo. Tulikuwa tumebishana kama vile kuna mambo mawili tu, usawa au tofauti, na kila mmoja achague timu. Yale maji hayakuwa upande wowote. Yalikuwa yanajibu maswali mengine: tofauti ya nini, kwa kipimo gani, kwa faida ya nani. Kwamba Mjomba ana ploti tatu na sisi tunapanga chumba, hiyo ni tofauti, na sijawahi kumwomba aigawe. Kwamba dada yake akose teksi akitoka kwenye mashine huku miguu haimbebi, hiyo pia ni tofauti. Ukizipa jina moja utaona kama huwezi kuigusa ya pili bila kuiangusha ya kwanza. Si kweli. Sista hurekebisha potasiamu bila kugusa sodiamu.

Aliyetengeneza mashine ya kwanza ya aina hii iliyofanya kazi kwa binadamu ni Willem Kolff, daktari kijana katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Utando wake ulikuwa selofeni ya kufungia soseji. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akazinduka. Mwanamke huyo alikuwa ameunga mkono Wanazi, na Kolff alikuwa amewapinga. Watu wengi pale mjini wangeona ni haki afe. Kolff alimtibu. Baada ya vita aligawa mashine zake kwa hospitali za nchi nyingine. Kwa hivyo hata hiki kiti kimekuja hadi kwetu kwa kushuka. Mtu aliyekuwa nacho hakukaa nacho.

Hakijashuka sawasawa, na hilo nalo niliseme. Figo nzima hufanya kazi saa zote 168 za wiki. Katika nchi tajiri mgonjwa kwa kawaida huunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki. Mama huunganishwa mara mbili, saa nane kwa jumla. Saa 160 zinazobaki, dada yangu ndiye figo. Anakata viazi vipande vidogo, anavichemsha kwa maji mengi, anamwaga maji, anachemsha tena, ili potasiamu ishuke kutoka kwenye kiazi iingie kwenye maji. Ndizi hakuna, parachichi hakuna, maji ya kunywa kwa kikombe kilichopimwa. Hakufika chuo, lakini mteremko anaufanya kila jioni kwenye sufuria.

Anafanya hivyo kwa sababu hatari yenyewe iko kwenye ile namba 4. Ndani ya seli kuna 140. Ukiongeza 3 ndani, hakuna atakayejua. Ukiongeza 3 nje, 4 inakuwa 7. Tofauti kati ya ndani na nje inapungua, na moyo, ambao unapiga kwa kutegemea tofauti hiyo, unaweza kusimama. Hiyo ndiyo maana halisi ya maneno yangu ya Krismasi: si nadharia, ni kiazi ambacho hakikuchemshwa vizuri.

Mjomba hutuma pesa miezi mingine, miezi mingine hatumi. Sijawahi kumweleza haya yote. Nimemwandikia ujumbe mara kadhaa nikaufuta, manake ni vigumu kumfundisha tena mtu somo ambalo ulimfundisha vibaya mara ya kwanza, na yeye alikulipia karo. Labda atasoma hapa.

Akisoma, kuna jambo moja dogo ningependa alijue. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ndicho kipindi kirefu zaidi ambacho Mama hukaa bila mashine. Jumapili ndiyo siku yake mbaya. Miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi, na ile potasiamu ya nje imekuwa ikipanda tangu Ijumaa asubuhi. Sisi tulikutana Jumapili. Aliketi kwenye kochi lako, Mjomba, viatu amevivua kwa sababu havimwingii, uchafu wa siku tatu ukiwa ndani ya damu yake. Ukasema kila kitu kikilingana mtu amekufa, na akacheka ili usiaibike.